Shule Ndogo za Vijijini Zisipimwe kwa Vichwa

Kila matokeo ya darasa la saba yanapotoka, huku kwetu Liwale, mkoani Lindi, maneno huwa ni yale yale: shule fulani imeshika mkia, walimu wake wazembe, wazazi hawana habari. Mara nyingi zinazosemwa ni shule za vijiji vya pembezoni, zenye watoto wachache. Naona tunazionea.

Chukua shule yenye watoto 120, kuanzia awali hadi la saba. Ruzuku ya elimu bila ada, iliyoanza mwaka 2016, inahesabiwa kwa kichwa: shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, 4,000 zikibaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu na 6,000 zikishuka shuleni. Hiyo ni 720,000 kwa mwaka. Shilingi 60,000 kwa mwezi! Humo mwalimu mkuu anunue chaki, achapishe mitihani, atengeneze madawati, apande bodaboda kupeleka taarifa wilayani. Bati lililong'olewa na upepo halishuki bei eti kwa sababu watoto ni wachache.

Kidonda chenyewe ni walimu. Ikama, yaani idadi ya walimu ambayo shule inatakiwa kuwa nayo, inataka mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Shule hiyo ikiwa na walimu watatu, kwenye makaratasi imejitosheleza, wala hakuna wa kuionea huruma. Lakini madarasa ni saba, na awali ni la nane. Mwalimu anaacha zoezi la hisabati ubaoni darasa la tatu, anakimbilia la tano, huku la pili wanapiga kelele peke yao. Mmoja akienda likizo ya uzazi, wanabaki wawili. Mtoto aliyelelewa hivyo miaka yote anakuja kufanya mtihani mmoja na mwenzake wa mjini aliyekuwa na mwalimu kwa kila somo.

Halafu shule yake tunaipima kwa asilimia ya ufaulu. Watahiniwa wakiwa 12, mtoto mmoja akiamka na homa siku ya mtihani, ufaulu wa shule nzima unaweza kushuka kwa zaidi ya asilimia 8. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora mwaka 2023, na lilifanya vyema. Sisi huku vijiweni bado tunazipanga.

Wazazi nasi tuna lawama zetu. Msimu wa kulinda mashamba dhidi ya nguruwe na ngedere, au wa kuvuna ufuta, kuna familia zinazohamia shamba na watoto wao, na daftari la mahudhurio linajaa alama za utoro. Hilo serikali ya kijiji inaliweza, ikitaka.

Wapo wanaoshauri shule ndogo ziunganishwe. Lindi ni mkoa mpana wenye watu milioni 1.2 tu, kwa sensa ya 2022. Kati ya kijiji na kijiji ni pori, na porini kuna tembo. Nani atamtuma mtoto wa miaka saba apite humo alfajiri? Mwenye uwezo atampeleka kwa shangazi yake Nachingwea. Mtoto akihama, ruzuku yake inahama naye, na hoja ya kuomba mwalimu inazidi kudhoofika.

Kila shule ipewe kwanza kiwango cha chini cha fedha, idadi ya watoto ihesabiwe juu yake. Na ikama ya shule ndogo ipangwe kwa madarasa. Madiwani na mbunge wetu walibebe hili kabla ya bajeti ijayo.