Si wa Etta, si wa Beyoncé

Ile video ya Januari 20, 2009, siku Obama alipoapishwa urais, haizeeki. Obama na Michelle wanacheza taratibu, Beyoncé yuko jukwaani anaimba "At Last", na chini yake watoa maoni wamegawanyika kama Simba na Yanga. Kambi moja inasema wimbo ni wa Beyoncé. Kambi ya wajuaji inajibu: aibu kwenu, huo ni wa Etta James, mwimbaji wa Marekani wa zamani! Mjuaji anamwagiwa makopa, mjadala unafungwa. Hata Etta mwenyewe, siku chache baadaye jukwaani Seattle, alimchamba mwenzake kwa kuimba wimbo "wake".

Wake! Mtunzi, Harry Warren, alikuwa kaburini tangu Septemba 1981, hivyo hakuweza kuchangia mjadala. Na sisi tunaobishana hadi usiku wa manane kama Malaika ni wa Fadhili William au wa Adam Salim, hapa hatuulizi kitu.

Etta aliurekodi 1960. Wakati huo wimbo ulishakuwa na karibu miaka ishirini. Warren alitunga sauti, yaani mahadhi, Mack Gordon akaandika maneno, kwa ajili ya filamu ya 1941 iitwayo Sun Valley Serenade. Studio ikayaweka maneno kando. Kwenye filamu hiyo unasikika ukipigwa na ala tu. Mwaka uliofuata ukatolewa kabatini na kutiwa kwenye filamu nyingine, Orchestra Wives. Humo mmoja wa wanaoonekana wakiimba ni Lynn Bari, ila sauti yake ni ya Pat Friday. Yaani tangu siku ya kwanza wimbo huu umesifiwa mdomo usiokuwa wake.

Warren hakusomea muziki popote. Alizaliwa Brooklyn, Desemba 24, 1893, akaitwa Salvatore Antonio Guaragna, baba yake fundi viatu aliyehamia kutoka Italia. Alijifundisha kodiani ya baba yake, akaacha shule akapige ngoma kwenye maonyesho ya kuzunguka mijini, kisha akajifundisha piano. Mwaka 1915 akaingia studio ya filamu ya Vitagraph: anabeba vifaa, anaigiza vijisehemu, anakuwa msaidizi wa mwongozaji, na kubwa zaidi, anapiga piano wakati wa kupiga picha. Filamu zilikuwa bubu, lakini mwigizaji anatakiwa alie, na machozi hayaji kwa amri, kwa hiyo anapigiwa muziki wa huzuni mpaka yatoke. Ukitaka kujua mtu alijifunzia wapi kuugusa moyo kwa sauti nne tano, ni hapo.

Sasa nije kwa wanaosema "kutunga ni rahisi, kazi ni kuimba". Tupige hesabu. Wimbo wa kawaida wa filamu enzi hizo una vipimo 32 vya mapigo manne manne: nane vya kwanza, vinarudiwa, nane vya katikati vyenye sauti tofauti, halafu unarudi nyumbani kwa nane vya mwisho. Mapigo 128. Kwa mwendo wa kuchezeka, mapigo 120 kwa dakika, wimbo mzima umekwisha kwa sekunde 64. Halafu anakuja Busby Berkeley, mpangaji wa ngoma wa Warner Brothers, studio ya filamu alikofanya kazi Warren, anataka onyesho la dakika kumi, wasichana kwa makumi, ngazi, vioo, kamera ikining'inia darini. Dakika kumi ni mara tisa za wimbo uleule. Tisa! Sauti dhaifu ikirudiwa mara tatu tu, ukumbi mzima umeshaanza kukohoa na kutafuta njugu mfukoni.

Na haiwezekani kuurekebisha njiani. Mwanzoni mwa filamu za sauti okestra ilikaa palepale studio, nje kidogo ya picha. Mchezaji mmoja akikosea hatua, wapigaji wote wanaanza upya. Mwaka 1929, studio ya MGM ilipotengeneza filamu ya The Broadway Melody, onyesho moja la ngoma lilirudiwa kupigwa picha. Badala ya kuwaita tena wanamuziki, wakaicheza sauti iliyokwisha kurekodiwa na wachezaji wakaifuata. Utaratibu huo ukashika. Faida unaiona: kamera imekuwa huru, haijali kelele. Hasara inamwangukia mtunzi. Mwendo, urefu, mahali pa kuvuta pumzi, vyote vimeshafungwa kabla taa hazijawashwa. Ukiweka neno la kufumba mdomo kwenye sauti ya juu kabisa, mwimbaji atabanwa siku ya kurekodi, na kubanwa huko ndiko atakakokuigiza mbele ya kamera siku nzima.

Dawa ya Warren ilikuwa kutumia sauti chache zinazorudi zikiwa zimegeuzwa kidogo, na sehemu ya kati inayokutoa nje ya nyumba ili utamani kurudi. Sikiliza wimbo wenyewe wa 42nd Street, filamu ya Machi 1933, iliyotoka wakati mabenki ya Marekani yamefungwa kwa amri ya Roosevelt. Ni wimbo wa kusifia mtaa wa starehe, lakini umekaa kwenye maina, ngazi ya sauti zenye huzuni, una kiza ndani yake. Mtunzi wa kawaida angeweka shangwe tupu, na kufika mara ya nne ungekuwa umeshiba.

Maneno ya wimbo huo yaliandikwa na Al Dubin, mzaliwa wa Zürich, mlaji asiye na breki, aliyekuwa akipotea siku kadhaa bila taarifa. Alikufa 1945 akiwa na miaka 53. Simtaji Warren peke yake halafu nikajifanya mtetezi wa haki.

Ndio hao wawili walioandika "Lullaby of Broadway", iliyopata Oscar ya wimbo bora wa 1935, ya pili tu tangu tuzo hiyo ianzishwe. Warren alipata nyingine mbili, 1943 na 1946, na aliteuliwa mara 11 kwa jumla. "Jeepers Creepers" ni yake. "Chattanooga Choo Choo", ambayo kiongozi wa bendi Glenn Miller alipewa kwa ajili yake rekodi ya kwanza ya dhahabu mwaka 1942, ni yake. "I Only Have Eyes for You", "That's Amore", zake. Hizo unazijua. Jina ndilo hulijui.

Sababu moja ni mkataba. Mtunzi wa Hollywood alikuwa mwajiriwa kama seremala wa seti. Warner walikuwa wameshanunua makampuni ya kuchapa muziki mwaka 1929, Witmark, Remick na Harms, kwa hiyo wimbo ukitoka kwenye piano ya Warren unakwenda moja kwa moja kwenye sefu ya tajiri. Mtunzi mwenzake, Irving Berlin, alikuwa na kampuni yake mwenyewe na jina lake juu ya kila karatasi. Inasimuliwa kwamba wakati wa vita, ndege ziliposhambulia jiji la Berlin, Warren alinung'unika kuwa wamepiga Berlin isiyo yenyewe.

Haya, nikubali kidogo, kwa shingo upande. Mshahara ulikuwa mzuri, hakufa maskini. Na Etta, pamoja na vinanda vya nyuzi alivyopangiwa na Riley Hampton, aliuchukua wimbo wa ukumbi wa dansi akautia njaa ambayo haikuwamo 1942. Bila yeye Beyoncé asingeuimba siku ile. Sawa. Lakini mpangaji akipaka nyumba rangi nzuri, hati haibadiliki jina.

Agosti 25, 1980, Broadway, mtaa wa kumbi za maigizo New York, wakafungua 42nd Street kama mchezo wa jukwaani. Warren yu hai, ana miaka 86, nyimbo zake zinajaza ukumbi. Pazia linashuka, watu wanashangilia, mtayarishaji David Merrick anapanda jukwaani na kutangaza kuwa mwongozaji, Gower Champion, amefariki siku hiyohiyo. Kesho yake magazeti yalikuwa na habari moja tu.

Warren amezikwa Westwood, Los Angeles. Kwenye kibao cha kaburi wamechora sauti za mwanzo za wimbo uliompa Oscar ya pili. Unaitwa "You'll Never Know": hutajua kamwe.