Kaunti ina pesa za basari, maktaba ina kufuli

Katika kikao cha maoni ya bajeti ya kaunti nilichohudhuria jijini Nairobi, kitu cha kwanza ulichokabidhiwa mlangoni kilikuwa karatasi ya kuandika jina, nambari ya kitambulisho na sahihi. Karatasi ile ndiyo ushahidi kwamba umma ulishirikishwa. Kitabu chenyewe cha makadirio kilikuwa kimoja, mezani mbele, kinene kama Biblia ya kanisani, na hakuna aliyekigusa.

Mama mmoja akasimama. Akasema darasa la mwanawe limejaa hadi mwalimu hapati njia katikati ya madawati, akaomba kaunti iwajengee vyumba viwili. Afisa akamjibu kwa upole: “Mama, shule ya msingi si yetu. Yetu ni chekechea.” Akafuata mzee, akaomba maktaba ya mtaa ifunguliwe hata wikendi, vijana wapate pa kusomea. Afisa akaandika kitu kwenye daftari. “Tumepokea, mzee.” Anayefuata.

Yule mama alijibiwa kisheria. Mzee hakujibiwa kabisa, ilhali ndiye aliyegonga mlango unaofaa.

Tuanze na mama. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linagawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti. Elimu ya msingi na sekondari ni ya serikali kuu. Kaunti zina chekechea, vyuo vya ufundi vya mashinani na malezi ya watoto wadogo. Kwa hiyo afisa hakudanganya. Tatizo ni kwamba mzazi haoni Jedwali la Nne akisimama getini. Anaona ua mmoja, mara nyingi chekechea na darasa la kwanza zikitenganishwa na ukuta tu: upande huu rangi mpya na bembea, upande wa pili sakafu yenye mashimo. Serikali kuu hupangia kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma Sh1,420 kwa mwaka, na wakuu wa shule wanalalamika kila muhula kwamba hata hizo huchelewa. Majengo yamekuwa yakitegemea sana hazina ya maeneo bunge, NG-CDF, ambayo Mahakama Kuu iliamua Septemba 2024 kwamba sheria yake inakiuka Katiba na kuiwekea kikomo cha Juni 30, 2026. Uamuzi huo ulikatiwa rufaa, lakini mzazi ana haki ya kuuliza: mbunge akinyang’anywa mfuko, nani atajenga?

Magavana nao wana lao. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kaunti 47 zilitengewa Sh415 bilioni katika mgao wa 2025/26, na kabla gavana hajawaza kitabu kuna mishahara, hospitali, na wanakandarasi wa miaka iliyopita wanaodai. Akianza kujenga madarasa ya msingi, mkaguzi atamuuliza kwa nini ametumia pesa za kazi yake kufanya kazi ya mwingine. Katiba inaruhusu serikali hizi mbili kuhamishiana majukumu kwa mkataba, ila kilio cha magavana tangu ugatuzi uanze ni kwamba kazi hufika kabla ya fedha.

Hoja hiyo ingenishawishi zaidi kama isingekuwa basari, yaani msaada wa karo kwa wanafunzi.

Basari za sekondari na vyuo vikuu haziko katika orodha ya kazi za kaunti. Hata hivyo ni nadra kupata kaunti isiyozitoa. Januari 2025, Mdhibiti wa Bajeti Margaret Nyakang’o aliziandikia kaunti akizitaka zisitoe basari bila makubaliano na serikali kuu. Suala likaishia mahakamani na agizo hilo likasitishwa. Magavana walizitetea kwa nguvu zote. Yaani Jedwali la Nne ni ukuta mama akiomba darasa, na ni pazia tu hundi za basari zinapogawiwa uwanjani.

Sisemi basari ni upuuzi. Kaunti ya Kwale, kupitia mpango wa basari wa Elimu ni Sasa, imesomesha watoto wengi ambao wangebaki nyumbani baada ya kupata barua za kuitwa shule za kitaifa. Ukimweleza mzazi wa huko kwamba basari ni kampeni ya kisiasa, atakuonyesha binti aliyemaliza chuo. Karo hudaiwa leo, na mtoto aliyerudishwa nyumbani hawezi kungoja sera. Lakini basari ina jina la mpokeaji na, tusifichane, ina jina la mtoaji. Humpa mmoja na kumwacha jirani yake, na fomu hupitia kwa mwakilishi wadi, ambaye anakumbuka vizuri nani alimpigia kura. Mwaka ukiisha, foleni inaanza upya.

Sasa turudi kwa mzee. Maktaba zimeandikwa wazi katika jedwali lilelile kuwa kazi ya kaunti. Ajabu ni mambo zilizowekwa pamoja nayo: ziko kifungu kimoja na kamari, kasino, leseni za pombe na sinema. Kaunti hazikuhitaji kukumbushwa kuhusu leseni za pombe, kwa kuwa zile huleta pesa. Maktaba hula pesa tu, na hula kwa namna wanasiasa wasiyoipenda: mshahara wa mkutubi, umeme, vitabu vipya. Jengo unaweza kulizindua na kupiga picha. Bili ya umeme haizinduliwi.

Nairobi ina mfano wake. Maktaba ya McMillan, ile yenye sanamu za simba mlangoni, ilifunguliwa 1931 kwa ajili ya Wazungu peke yao, na Waafrika hawakuruhusiwa kuingia hadi 1958. Ina matawi Makadara na Kaloleni, Eastlands. Yote yalichakaa mikononi mwa jiji kwa miongo kadhaa, mpaka shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilipoingia ubia na kaunti na kukarabati matawi hayo mawili kwa pesa za wafadhili. Watoto wa Kaloleni wakarudi. Kaunti inaweza kujivunia ubia huo, na ni haki yake. Mimi naona pia aibu: kazi iliyo katika Katiba ilingoja michango.

Wapo wanaosema maktaba imepitwa na wakati, kila kitu kiko kwenye simu. Waende wakati wa mitihani ya KCSE waone. Wengi hawafuati vitabu vya rafuni. Wanakuja na vyao mkobani, wakitafuta meza, taa na ukimya, vitu ambavyo chumba kimoja cha watu sita hakina. Hoja nzito zaidi ni ya mashambani, ambako mtoto hawezi kutembea kilomita kumi kufuata maktaba ya mjini. Huko huenda kabati la vitabu ndani ya chekechea ya kaunti likafaa zaidi, na hilo halihitaji mkataba na mtu yeyote.

Kuna jambo wakazi wenyewe tunakosea: wakati. Kikao chetu kilikuwa Mei. Makadirio hufikishwa katika bunge la kaunti ifikapo Aprili 30, na viwango vya juu vya matumizi ya kila idara huwa vimewekwa tangu Februari. Ombi la Mei linapewa makombo. Mpango wa maendeleo wa mwaka, ambamo mradi unapaswa kuingia kwanza, huwasilishwa ifikapo Septemba 1.

Tulipotoka nilimweleza mzee hivyo, nikamuuliza kama atarudi Agosti. Akaniangalia kama nimemdhihaki. “Agosti?” akasema. “Agosti nani hutuita?”