Kobe wa Changuu na samaki wa dimbwini

Ukifika kisiwa cha Changuu, nusu saa hivi kwa boti kutoka Forodhani, mjini Zanzibar, unauziwa mchicha uwalishe kobe. Namba iliyoandikwa kwa rangi kwenye gamba ndiyo umri wa mwenyewe, na waliovuka mia wapo. Ukoo wao ulianza na kobe wanne walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Nilimkuna mmoja shingoni. Akainyoosha, akafumba macho, akatulia kama mzee anayekandwa mgongo.

Huku Unguja yuko samaki mfupi kuliko kidole, asili yake hapa hapa, ambaye wataalamu humwita Nothobranchius guentheri. Dume ana mkia mwekundu wa kuwaka, jike ni wa rangi ya tope. Huishi kwenye madimbwi ya mvua, na kiangazi kikilikausha dimbwi, naye amekwisha. Ajabu ni kwamba hata ukimfuga kwenye tangi la kioo, maji safi na chakula tele, baada ya mwaka na kitu ni kikongwe: rangi imefifia, mgongo umepinda.

Kwa hiyo siridhiki nikisikia kwamba mwili huchakaa tu kama gari. Panya wa nyumbani hafiki miaka minne. Fuko asiye na manyoya, wa Kenya, Ethiopia na Somalia, ana umbo la panya huyo huyo lakini huvuka miaka thelathini. Nyama ni ile ile. Kilichotofautiana ni hatari. Panya anawindwa na paka, bundi na nyoka, fuko amejificha chini ya ardhi.

Mwanabiolojia Peter Medawar wa Uingereza alilieleza hili mwaka 1951. Kasoro inayokuua kabla hujazaa hufa na wewe. Inayojitokeza uzeeni umekwisha kuwarithisha watoto. Pale ambapo karibu wote huliwa au hukaukiwa wakiwa wachanga, hakuna kinachozichuja kasoro za uzeeni, zinajirundika kizazi hata kizazi. Samaki wetu hana faida ya kuutunza mwili wa kesho, maana kesho hakuna maji. Anakua haraka, anazaa haraka. Kobe ana gamba, anaweza kungoja.

Ninavyoona mimi, viumbe hawa wawili wangetosha kufundishia somo zima la uzee katika shule zetu, bila picha za papa wa Greenland, yule samaki wa bahari ya baridi anayeishi mamia ya miaka. Lakini kobe wana uzio, walinzi na wageni wanaolipa kiingilio. Dimbwi halina mwenyewe. Kiwanja kikipimwa, la kwanza ni kufukia. Nawaomba masheha, viongozi wetu wa mitaa, kabla lori halijamwaga kifusi, waulize kama pale huwa na samaki wakati wa masika. Wakati wa kiangazi hutawaona, utaona udongo uliopasuka tu. Mayai yao, madogo kuliko punje ya ufuta, yamo humo ndani, hai, yanasubiri mvua.