Mkorosho mmoja, vindege wawili wasiotofautishika kirahisi

Januari jirani yangu hapa Mikindani alinionyesha picha aliyompiga kindege kwenye mkorosho wake: mgongo wa kijani kilichofifia, kifua cha manjano hafifu, uzito wake hauzidi gramu kumi na kitu. Programu ya simu ya kutambua ndege ilimwita kwa jina la kisayansi, Phylloscopus collybita. Nikamwambia hapana, huyo ni ndugu yake, Phylloscopus trochilus. Akaniuliza nimejuaje.

Jibu la haraka lilikuwa mahali. Collybita wengi hupitisha baridi ya Ulaya kwenye nchi za Mediterania, ukanda wa Sahel na nyanda za juu za Ethiopia. Trochilus ndiye msafiri wa mbali: wapo wanaotoka Mashariki ya Mbali ya Urusi hadi Afrika Mashariki, safari ya kilomita 13,000 hivi. Kwa hiyo ukimwona Mtwara, karibu kila mara ni yeye.

Hoja hiyo ina nguvu, na anayedai kamwona collybita huku kusini ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha. Lakini tukiandika majina kwa kutazama ramani tu, siku akipotea mmoja akafika Lindi, nani atamtambua?

Tatizo ni kwamba mwili nao hudanganya, hasa kwetu. Vitabu husema trochilus ana ncha ndefu za mabawa na miguu ya rangi ya kahawia hafifu. Mwenzake ana mabawa mafupi na miguu myeusi. Sasa, trochilus hubadili manyoya yote akiwa Afrika, na katikati ya kazi hiyo ncha ya bawa huonekana fupi. Nilipoikuza ile picha niliona pengo kwenye bawa, na unyoya mpya umechomoza nusu. Miguu ilikuwa kivulini, haikusaidia kitu.

Ndiyo maana mimi naamini zaidi sauti na mwenendo. Gilbert White, mchunguzi wa viumbe wa Uingereza, aliwatenganisha ndege hawa kwa nyimbo zao mwaka 1768, bila darubini za leo. Wimbo wa trochilus hushuka taratibu kama maji. Collybita hurudia noti mbili tu, na akitafuta wadudu hushusha mkia kila mara.

Kesho yake alfajiri tulikwenda mkorosho uleule. Mkia ulitulia. Akaita, hu-iit, kwa mapigo mawili: mwito wa trochilus, si ule wimbo wa noti mbili wa collybita. Jirani akafuta jina la programu, akaandika trochilus, na pembeni: nimemsikia.