Usiniombe aidia ya projekti, niletee swali

Ukikaribia msimu wa maonyesho ya sayansi meseji zinaanza kumiminika, "Shikamoo madam, naomba aidia ya projekti ya fizikia, iwe mpya ambayo haijawahi kufanywa na isiwe na gharama", na nyingine zinatoka kwa wazazi kabisa, mtu mzima anaandika saa nne usiku na maonyesho ni keshokutwa. Marahaba jamani. Ila kusema ukweli hilo ombi lenyewe ndo tatizo, kwa sababu aidia ya kupewa unaishia kuijenga tu, unabandika karatasi za rangi, unakariri maelezo, halafu jaji akiuliza swali la pili unaanza kumtafuta mwalimu wako kwa macho.

Pita kwenye maonyesho ya shule yoyote uone. Bwawa la umeme la boksi na gundi. Taa ya barabarani inayojiwasha giza likiingia. Kengele ya mwizi. Mashine ya kutotoleshea vifaranga, hii kila mwaka ipo na kila mwaka inaitwa mpya. Sizidharau, vijana wanajifunza kushika waya na solda na wengine wana mikono ya ajabu, lakini hiyo ni kazi ya ufundi, fizikia iliyomo ndani ilishamalizwa na watu wengine zamani sana. Kuna binti wa form three alitaka kutengeneza umeme wa maji, nikamuuliza unataka kujua nini mwanangu, akasema "kama taa itawaka madam". Kwani wewe unadhani haitawaka? Akacheka. Tukaendelea kuvutana hivyo hivyo mpaka akafika penyewe: je maji yakianguka kutoka urefu mara mbili, umeme nao unakuwa mara mbili, au zaidi, au pungufu? Hapo sasa. Boksi lile lile na gundi ile ile, lakini sasa kuna kitu hakijui na jibu lake litakuja kwa namba.

Na Tanzania ndo tulitakiwa tulijue hili kuliko mtu yeyote, maana Erasto Mpemba ni wetu. Hadithi yake wengi tunaijua kwa juu juu, mwaka 1963 yuko form three Magamba Sekondari huko Lushoto, wanafunzi wanatengeneza aiskrimu ya maziwa, wanachemsha maziwa na sukari halafu wanasubiri yapoe ndo waweke kwenye friza, sasa nafasi zinagombaniwa, yeye akaona bora aweke ya moto moto kuliko kukosa nafasi, na ikaganda kabla ya ile ya mwenzake ambaye maziwa yake hakuyachemsha kabisa. Akauliza mwalimu wake, akaambiwa umechanganyikiwa wewe, haiwezekani. Baadaye akiwa Mkwawa huko Iringa akauliza tena, akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba siyo fizikia ya dunia, na darasa zima likawa linamtania. Tunapenda kuimalizia hadithi hapo kwenye kudharauliwa na kutokata tamaa, tunapiga makofi, basi.

Mimi huwa naitumia kwa sababu nyingine. Siku Dokta Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam alipokwenda Mkwawa kuongea na wanafunzi, Mpemba alisimama akamuuliza: ukichukua vyombo viwili vyenye ujazo sawa wa maji, kimoja nyuzi 35 kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friza, cha nyuzi 100 kinaganda kwanza, kwa nini? Isome tena polepole. Kitu kinachobadilishwa kimo, joto la kuanzia, na namba zake kazitaja. Vitu visivyobadilika vimo, ujazo ule ule, friza ile ile. Kinachoangaliwa kimo, kipi kinatangulia kuganda. Yaani mpango mzima wa uchunguzi uko ndani ya sentensi moja, na ndo maana Osborne aliporudi Dar aliweza kumpa fundi wa maabara akaijaribu. Angesimama akasema tu "mheshimiwa, maji ya moto yana maajabu", nadhani yule mzee angetabasamu akaondoka zake. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja kwenye jarida la Physics Education na mpaka leo dunia inaita Mpemba effect.

Halafu sehemu ambayo watu hawaisimulii ni kwamba ubishi haujaisha. Mwaka 2016 watafiti wawili, Burridge na Linden, wakarudia vipimo kwa uangalifu mkubwa wakasema hawaoni ushahidi wa maana, na wakaonyesha kipimajoto kikikaa juu kidogo au chini kidogo ndani ya chombo matokeo yanabadilika. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer kule Kanada wakaionyesha waziwazi, ila kwa chembe ndogo sana ndani ya maji, sio barafu. Sasa mwanafunzi wangu akija na hiyo projekti ya Mpemba, na wanakuja wengi, namuuliza kitu kimoja tu: kuganda kwako ni kupi? Ukiona utando wa kwanza wa barafu juu, au kipimajoto kikisoma sifuri, au mpaka chombo kizima kiwe jiwe? Hizo ni projekti tatu tofauti na zinaweza kukupa majibu matatu tofauti. Asipojua namwambia akafikirie kwanza, friza haikimbii.

Watu wakisikia lazima projekti iwe yako mwenyewe wanaogopa, wanadhani waje na kitu ambacho Einstein hakukifikiria. Hapana bwana. Chukua kitu cha zamani ukiulize swali ambalo hujaona jibu lake kwenye kitabu chako. Mfano ninaoupenda ni chupa ya soda, ya glasi. Ukipuliza mdomoni mwake inalia, ukiongeza maji sauti inapanda, hilo hata mtoto wa la pili anajua. Kitabu cha form four kinakufundisha bomba lililozibwa upande mmoja, kwamba frikwensi, yaani mitetemo kwa sekunde (Hz), ni spidi ya sauti ugawe kwa mara nne ya urefu wa hewa. Haya, chupa ya sentimita 23 kwa hesabu hiyo ingetakiwa ilie karibu Hz 370. Nenda kaipime, utapata kama nusu yake.

Nusu! Hapo mwanafunzi wa kawaida anafuta anasema nimekosea. Hujakosea, ni kwamba chupa sio bomba. Ina shingo nyembamba na tumbo pana, hewa ya shingoni inakuwa kama mzigo na hewa ya tumboni inakuwa springi, mzigo unacheza juu ya springi, ndo hesabu alizozifanya Hermann von Helmholtz, Mjerumani wa karne ya 19. Na hizo hesabu zinasema ukipunguza hewa ya tumboni ikabaki robo, frikwensi inakuwa mara mbili, wakati kwenye bomba ukipunguza urefu ukabaki robo inakuwa mara nne. Unaona jinsi inavyonoga? Una kauli mbili zinazopingana na zinatofautiana kwa namba kubwa ambayo huwezi kuikosa. Sasa uliza lako: maji yakipanda yakaingia shingoni, kile kitu kilichobaki kimeshakuwa bomba, je kinageukia wapi? Ghafla, au taratibu? Na chupa ya mabega mapana inatofautiana na ile yenye mteremko? Hiyo ni projekti nzima, vifaa vyake chupa, sirinji ya mililita 20 na simu.

Simu ndo ina kasheshe, maana shule zetu nyingi mwanafunzi akikamatwa na simu inapondwa mbele ya paredi, kwahiyo azima ya mwalimu. Weka Phyphox, programu ya bure iliyotengenezwa chuo cha RWTH Aachen Ujerumani, inakuonyesha frikwensi ya sauti na pia inasoma vihisio vingine vilivyomo kwenye simu. Pima kwanza chupa nzima inachukua mililita ngapi mpaka mdomoni. Mwaga. Ongeza mililita 20, puliza, andika, rudia mara tano palepale, ongeza tena. Apulize mtu yule yule na asipulize kwa hasira, ukikaza sana chupa inaruka kwenye sauti nyingine ya juu na data yako inaharibika bila wewe kujua. Watu watakutisha na joto la hewa, kweli spidi ya sauti inaongezeka kama mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja, lakini hiyo ni chini ya asilimia 0.2, kwa jambo linalotofautiana mara mbili na mara nne haikusumbui. Andika tu joto la siku hiyo uendelee.

Hili la mwisho ndo naona tunalifundisha vibaya kuliko yote: kabla hujaanza kupima, kaa na peni ujue tofauti unayoitafuta ni kubwa kiasi gani na kifaa chako kinaiona au hakiioni. Chukua pendulamu, kile kizito kinachobembea kwenye uzi, ambayo kila aliyepita maabara ameifanya. Kijana anasema nataka kuonyesha mvutano wa dunia Dar ni mdogo kuliko London. Swali zuri sana na ni kweli, Dar ni kama 9.78 na London 9.81, kwa mita kwa sekunde mraba. Sasa tupige hesabu. Pendulamu ya mita moja inachukua kama sekunde 2 kwenda na kurudi, ukihesabu mara 100 ni sekunde 200, na tofauti ya Dar na London ndani ya hizo sekunde 200 ni 0.3 tu. Kidole chako kwenye stopwochi kinachelewa karibu 0.2. Halafu kuna jambo linachekesha, ukiivuta pendulamu kwa pembe ya nyuzi 10 badala ya kuivuta kidogo kabisa, muda wake unarefuka kwa karibu asilimia 0.2, yaani kuvuta kwako tu kunazidi tofauti yote ya kutoka Dar mpaka London! Kwahiyo haiwezekani? Inawezekana, ila sasa unajua kazi iko wapi, uvute kidogo, uhesabu mara nyingi zaidi, na upime urefu wa uzi mpaka milimita, kwa sababu milimita 3 za uzi peke yake zinatosha kukuhamisha nchi.

Asiyefanya hesabu hiyo mapema ataifanya mwishoni kwa njia nyingine, atapika data. Na tusijifanye hatujui, kupika data tumekufundisha sisi. Praktiko ya mtihani jibu linajulikana, mtoto akipata 9.6 anarudi nyuma anarekebisha muda mpaka itoke 9.8, anapata maksi zake, na hata akipata 9.78 yenyewe ya Dar anaifuta akidhani kakosea. Miaka minne ya hivyo halafu tunamleta kwenye maonyesho tunamwambia chunguza kitu usichokijua jibu lake, atachunguzaje? Mimi grafu ikija imenyooka sana naomba daftari la kwanza, lile chafu lenye namba zilizokatwa. Asipokuwa nalo mazungumzo yanabadilika.

Na kingine, panga kwa Kiswahili kwanza. Najua ripoti inatakiwa Kiingereza, sawa, utaandika baadaye. Ila nimeona mara nyingi mwanafunzi ana swali zuri kichwani, akianza kuliandika kwa Kiingereza linageuka kuwa sentensi aliyoitoa kwenye kitabu, "to investigate the effect of" nini sijui, na lile swali lake halimo tena.

Haya, kwa wale ambao bado watasema madam tupe hata moja, mambo yapo mengi tu. Mtungi wa udongo unapoza maji kwa sababu maji yanatoka kwenye ngozi yake yanakauka, ndo maana Dodoma kwenye hewa kavu unapoza kuliko Dar, je feni ikiupuliza unapoza kwa kasi kiasi gani zaidi, na kuna spidi ya upepo ambayo ukiipita hakuna faida tena? Vipaneli vidogo vya sola vya kuchajia simu, nyunyiza vumbi la kupima kwa gramu uone mkondo wa umeme unashuka vipi, ila mawingu yatakuchezea, kwahiyo weka viwili ubavu kwa ubavu, kimoja safi muda wote, usome vyote kwa pamoja. Na kuna kijana kaniuliza mvua kwenye bati, kwamba kelele zinaongezekaje mvua ikizidi. Tatizo ni mvua yenyewe, huwezi kuiambia itulie. Tukawaza bomba la bafuni lile la matundu, ila matone ya mvua kubwa yanafika chini na spidi ya kama mita 9 kwa sekunde, na ukilining'iniza bomba mita 2 juu ya bati unapata kama 6 tu, kwahiyo ama apande ghorofani ama akubali anapima mvua ya bafuni. Nimemwambia apime hiyo ya bafuni na kwenye karatasi ya maonyesho aandike hivyo hivyo, mvua ya bafuni, spidi mita 6 kwa sekunde.