Baada ya semina, kisha nini?

Nimesoma habari kwamba sisi wakufunzi wa vyuo vya ualimu Tanzania tunapigwa msasa kwenye semina ya utafiti na ufundishaji wa kidijitali; ni jambo jema. Ila jamani, vifaa si kilio kikubwa. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 tuligawiwa, na moduli za MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) zipo kwenye mfumo wa mtandaoni wa TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), mtu anajisomea (bando ni la mfukoni kwako, lakini tuyaache hayo).

Kichekesho kiko kwenye utafiti. Tunamfundisha mwanachuo utafiti tendaji (mwalimu kuchunguza tatizo la darasani kwake ili alitatue) wakati wengi wetu mara ya mwisho kugusa dodoso ilikuwa tasnifu ya chuo kikuu. Matokeo yake kazi za utafiti za wanachuo zinarithishwa, mtu ananakili ya mwenzake aliyetangulia. Nimesahihisha moja, jalada lina shule ya jirani, ukurasa wa tatu shule ya mkoa mwingine kabisa!

Ushauri wangu: mkufunzi apunguziwe vipindi muhula mmoja, akae shule ya mazoezi achunguze tatizo moja, mfano watoto wanaosoma kwa sauti bila kuelewa. Mwezeshaji naye arudi kukagua, asiishie kugawa vyeti na posho. Na projekta itoke ofisini kwa mkuu, ije darasani.