Kaa wa Nyongeza

Hajati, mwenye gesti ninayofanyia kazi hapa Kigoma, alipata tangi la samaki kwa mpangaji aliyeshindwa kulipa kodi. Tukalijaza maji ya ziwa na visamaki vya kwenye mawe, likakaa mapokezi kando ya meza yangu. Hivyo ndivyo nilivyopandishwa cheo kuwa mfugaji, mshahara uleule.

Muda si muda kioo kikashika ukoga wa kijani, wageni wakawa wanauliza kama tunauza juisi ya parachichi. Hajati akampigia mpwa wake wa Unguja, anayefuga samaki wa bahari na matumbawe sebuleni kwake. Aliweka laudspika, kwa hiyo gesti nzima ilihudhuria kikao.

"Shangazi, kusugua ni ushamba. Sisi wa matumbawe tunaajiri! Konokono wa turbo wanakwangua kioo. Konokono wa nasariasi wanajifukia mchangani, mrija tu ndio unachungulia, wakinusa chakula wanafumka. Kuna vikaa vinavyoishi kwenye maganda ya konokono waliokufa, vinaokota makombo. Na kamba wa kuwatoa samaki wadudu mwilini."

"Andika," Hajati akaniambia. Nikaandika.

"Ila hivyo vikaa viwekee maganda matupu ya akiba, vikikua vihamie. Visipopata, vinaua konokono na kuchukua nyumba."

"Wapangaji gani hao!" akaguna Hajati.

"Na chumvi, gramu 35 kwa lita."

Hapo nikaingilia. Nikamwambia hayo ni ya bahari, maji ya Ziwa Tanganyika si ya chumvi. Hajati akataka kujua chumvi ya Uvinza ina kasoro gani. Mpwa akasikia, akapiga kelele kule Unguja: chumvi ya matumbawe inachanganywa na kalsiamu na magnesiamu, si ya kutia kwenye mchicha, na samaki wa ziwa wakitiwa humo ni msiba. Chumvi ikafutwa. Ajira zikabaki palepale.

Ukienda Kibirizi asubuhi kuulizia konokono, jiandae kuchekwa. Wenzako wanagombea dagaa na migebuka. Mvuvi mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini, "Wa dawa?" Nikamjibu wa usafi. Akanionea huruma waziwazi. Watoto wakanijazia kopo la rangi konokono wa mawe, wenye maganda magumu ya mbavumbavu, pamoja na mfuko wa maganda matupu.

Kaa sikumwomba. Mvuvi ndiye aliyemnasua kwenye wavu: "Chukua na huyu, nyongeza. Ananiharibia nyavu." Gando lake moja lilikuwa nene kuliko mwenzake, na kwa ndani halikuwa na makali, lilikuwa na manundu butu, magego matupu. Nilipofika nilimwambia Hajati huyu si wale aliosema mpwa. Akamkagua mbele na nyuma.

"Mkubwa ndiyo atafanya kazi nyingi."

Maganda matupu kaa hakuyagusa. Waliohamia ni visamaki vidogo kuliko kidole changu, kila kimoja na ganda lake, na nikiingiza mkono kuokota uchafu kinatoka kunidonoa kucha. Hajati akafurahi sana. Vyumba vimejaa.

Usiku ikasikika: ko! Kimya. Ko! Mgeni wa chumba cha tatu akafungua mlango kuuliza nani anabangua korosho saa nane za usiku. Kesi ikamwangukia mlinzi. Mzee wa watu hana hata magego ya kubangulia, lakini alisomewa mashtaka asubuhi mbele ya chai. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye kioo. Mchangani kulikuwa na vipande vya maganda vilivyomeguliwa kuanzia mdomoni, na konokono waliobaki wamejibana pembeni kabisa, juu ya maji.

Nikatoa taarifa. Hajati akasema tusubiri, huenda ni ugeni wa kazi.

Usiku uliofuata kukawa shwari, na Hajati akasema si mnaona. Kumbe kaa alikuwa ameshaparamia mpira wa pampu ya hewa akatoka. Alfajiri yule mgeni wa chumba cha tatu, mwalimu wa baiolojia aliyekuja kusimamia mitihani, akachomeka mguu kwenye kiatu. Alitoka akiruka kwa mguu mmoja hadi mapokezi, kaa ananing'inia kwenye soksi.

"Mbangua korosho huyo!" akapaza mlinzi, hata pole hajasema.

Tukamtia mwalimu mguu kwenye beseni, naye akafundisha humohumo. "Hajati, konokono wa ziwa hili wana maganda manene kuliko ndugu zao wa maziwa mengine. Sababu ni huyu! Vizazi na vizazi wao wanaongeza ukuta, yeye anaongeza nyundo. Wewe umewapa chumba kimoja!"

"Chai utakunywa na maandazi au chapati?" akauliza Hajati.

Mwalimu akagoma kulipa. Hajati akakubali nusu, kwa hoja kwamba usingizi wa usiku wa pili alioupata ulikuwa mzuri.

Kaa nikamrudisha Kibirizi ndani ya kopo la rangi, na bodaboda akadai nauli ya abiria wawili. Mvuvi akakataa kumpokea, eti nyongeza hairudishwi. Nikamwachia kwenye mawe, akashuka majini kinyumenyume, gando juu.

Jioni mpwa akasimuliwa yote. "Shangazi, huyo ni wa supu! Mimi nilisema wa saizi ya kidole gumba! Basi jaribu wale viumbe wa baharini wa miiba mirefu myeusi. Wanakwangua jiwe mpaka linabaki jeupe. Ila ukiwakanyaga, ni hospitali."

Hajati akaziba simu kwa kiganja, akaninong'oneza: "Mwalimu anaondoka lini?"